Kabla ya Kumpiga Mtu Kalamu

Chukulia dereva wa lori anayebeba makasha kutoka bandari ya Mombasa hadi Malaba. Ana miaka sita kwenye kampuni. Jumatatu moja anaitwa ofisini Changamwe, anakabidhiwa bahasha. Ndani mna barua ya kurasa mbili, Kiingereza kitupu, inayosema kwamba dizeli imepotea na kwa hiyo ajira yake imekoma kuanzia siku hiyo. Anaambiwa atie sahihi kuonyesha ameipokea. Anatia. Akitoka nje anamtafuta askari wa getini amsomee imeandikwa nini.

Huenda dizeli ilipotea kweli. Huenda dereva ndiye aliyeifyonza na kuiuza Mtito Andei. Hata hivyo mwajiri huyu, awe na picha za kamera au asiwe nazo, ameshajiweka pabaya mbele ya Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba. Hakuna mtu aliyemuuliza dereva swali lolote kabla barua haijachapwa.

Wenye kampuni, wakubwa kwa wadogo, hulalamika kwamba sheria ya kazi ya Kenya inawafunga mikono wasiweze kumwondoa mtu. Haiwafungi. Sheria ya Ajira ya 2007, iliyoanza kutumika Juni 2008, inamruhusu mwajiri kumfuta mfanyakazi mvivu, mwizi, mlevi au asiyejua kazi. Inachotaka ni vitu viwili: pawe na sababu ya haki, na pafuatwe utaratibu wa haki. Kimoja kikikosekana, kingine hakimwokoi mwajiri. Ukisoma hukumu za mahakama hiyo utakutana tena na tena na bosi aliyekuwa na sababu nzuri mkononi, akaiharibu kwa haraka yake.

Kabla ya sheria hiyo mambo yalikuwa mepesi. Mwajiri aliyetoa notisi, au kulipa mshahara wa notisi, alikuwa amemalizana na mtu wake, hakudaiwa maelezo. Mazoea hayo hayajafa. Bado kuna mikataba inayosema upande wowote unaweza kuvunja ajira kwa notisi ya mwezi mmoja, na bado kuna mameneja wanaoamini sentensi hiyo ni ngao. Kampuni ya usafirishaji mizigo ya Kenfreight ilibishana na aliyekuwa mfanyakazi wake kuhusu jambo hilo mpaka Mahakama ya Juu. Mwaka 2019 ikashindwa: kulipa notisi kama mkataba unavyosema hakumzuii jaji kuongeza fidia, akishaona mtu ameachishwa isivyo haki.

Fidia yenyewe, kwa kifungu cha 49, inaweza kufika mshahara ghafi wa miezi 12. Mwenye kulipwa shilingi 40,000 kwa mwezi anaweza kuondoka na 480,000, juu yake notisi, siku za likizo ambazo hakuzichukua, na gharama za kesi. Kwa duka lenye wafanyakazi wanane, hiyo ni faida ya mwaka inayotoka kwa hundi moja. Si kila kesi hufika huko. Jaji hutazama mtu alifanya kazi miaka mingapi, ana nafasi gani ya kupata kazi nyingine, na yeye mwenyewe alichangia kiasi gani kwenye masaibu yake. Mwizi aliyefukuzwa bila kusikilizwa huenda akapewa kidogo. Lakini hata kidogo hicho kinamuuma aliyeibiwa.

Kikao cha kifungu cha 41

Afisa wa rasilimali watu akiwa na muda wa kusoma kifungu kimoja tu cha sheria hii, basi asome cha 41. Kinahusu makosa ya utovu wa nidhamu, utendaji duni na kutojiweza kimwili. Kabla ya kumwachisha mtu kwa mojawapo ya hayo, mwajiri lazima amweleze sababu anayoifikiria, kwa lugha anayoielewa. Mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake kazini, au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, aliyemchagua mwenyewe, wakati wa maelezo hayo. Kisha mwajiri lazima amsikilize yeye na huyo mwenzake, na ayapime waliyosema kabla ya kuamua.

Neno “kabla” ndilo linalowanasa wengi. Kampuni humwita mtu kwenye kikao saa nne asubuhi na barua ya kumfuta inaonyesha tarehe ya jana. Au kumbukumbu za kikao zinamalizika kwa uamuzi uliokwisha chapwa, na wakili wa upande wa pili hahitaji kufanya kazi kubwa. Anamwonyesha jaji tarehe tu.

Kwa dereva wetu, njia ya salama ingekuwa hivi. Kwanza barua ya kumtaka ajieleze, inayotaja safari ipi, tarehe ipi, lita ngapi, na kielelezo gani kinatumika: risiti ya kituo cha mafuta, rekodi ya kifaa cha kufuatilia gari, au maelezo ya turnboi. “Umepoteza imani ya kampuni” si tuhuma. Hakuna anayeweza kuijibu. Sheria haitaji siku ngapi apewe, bali hekima inataja. Kumpa mtu saa 24 ajibu kuhusu mafuta ya miezi mitatu, naye yuko Malaba kwenye foleni ya mpaka, ni kumkejeli. Siku tatu hadi juma moja ni muda ambao wachache wataulalamikia.

Akishajibu, na jibu lisiporidhisha, anaitwa kwenye kikao kwa barua nyingine inayomwambia waziwazi kwamba kazi yake iko hatarini na kwamba anaweza kuja na mwenzake. Sentensi hiyo ya mwisho husahauliwa mno. Si lazima aje na mtu. Lazima aambiwe kwamba anaweza, na kwenye kumbukumbu iandikwe alichochagua. Anayeongoza kikao asiwe yule aliyemshtaki, ikiwa kampuni ina watu wa kutosha. Kampuni ya watu watano haina anasa hiyo, lakini hata hapo mwenye kampuni anaweza kumwomba mhasibu au mshirika wake aketi naye.

Halafu kuna suala la lugha, ambalo waajiri wengi hulipita mbio. Sheria hii imelirudia mara tatu. Mkataba usioeleweka kwa mfanyakazi sharti afafanuliwe kwa lugha anayoijua. Notisi ya kumwachisha nayo sharti afafanuliwe kwa mdomo asipoielewa. Na kikao cha kifungu cha 41 kiwe kwa lugha anayoielewa. Sasa tazama faili za nidhamu za kampuni nyingi za ulinzi, za usafi, za ujenzi: kila karatasi ni ya Kiingereza, na Kiingereza chenyewe kile cha mawakili. Afisa aliyeandika barua hiyo alizungumza na mlinzi huyohuyo kwa Kiswahili asubuhi nzima. Kuandika barua kwa Kiswahili hakumgharimu kitu, na kunampa ushahidi ambao wakili wake atamshukuru. Ikiwa kampuni imeng’ang’ania Kiingereza, basi kumbukumbu ziseme nani alitafsiri, na mfanyakazi athibitishe kwa sahihi kwamba alielewa.

Wengine hudhani kufukuzwa papo hapo kwa kosa kubwa kunaruka hatua hizi zote. Kifungu cha 44 kinaorodhesha makosa hayo: kutokuja kazini bila ruhusa, kulewa saa za kazi, kupuuza kazi, matusi, kukaidi amri halali, kukamatwa kwa kosa la jinai na kutoachiliwa kwa dhamana ndani ya siku 14, na kushukiwa kwa msingi wa maana kumwibia mwajiri. Kinachorukwa hapo ni notisi. Kikao hakirukwi, kifungu cha 41 kinayataja makosa hayo kwa namba. Mtu aliyefumaniwa na kreti la soda begani bado anaitwa na kuulizwa. Linaweza kuonekana jambo la kuchekesha, na wenye maduka hulicheka kweli, mpaka siku inapojulikana kwamba msimamizi wa zamu ndiye aliyemtuma.

Kipimo cha sababu nacho si kile cha polisi. Mwajiri hatakiwi kuthibitisha wizi pasipo shaka yoyote kama kortini kwa kesi ya jinai. Kifungu cha 43 kinatazama mambo ambayo, wakati wa kumwachisha mtu, mwajiri aliyaamini kwa dhati kuwa yapo. Je, mwajiri mwenye busara, akiwa na vielelezo vile, angefikia uamuzi ule? Ndiyo maana si lazima kusubiri kesi ya jinai iishe. Na ndiyo maana, kwa upande wa pili, mfanyakazi aliyeachiliwa huru na hakimu hapati kazi yake moja kwa moja.

Mtoro wa kazi anastahili mistari michache, maana waajiri hupenda kusema “aliacha mwenyewe.” Mahakama haiyapokei maneno hayo kavu. Huuliza: ulimtafuta? Ulimpigia simu? Ulimwandikia kwa anwani aliyokupa, ukimwonya kwamba kazi yake inakwenda? Ujumbe wa simu uliohifadhiwa, wenye tarehe, una thamani kubwa kuliko kiapo kilichoandikwa miaka miwili baadaye.

Mgeni kazini naye ana haki

Awali sheria ilisema mtu asiyetimiza miezi 13 kazini hawezi kulalamikia kuachishwa isivyo haki. Mahakama Kuu ilikifuta kipengele hicho mwaka 2012. Kikabaki kingine, cha kifungu cha 42, kilichowaondoa walio kwenye majaribio katika ulinzi wa kifungu cha 41. Mwezi Julai 2021 jopo la majaji watatu, katika kesi dhidi ya Mount Kenya University, likakitangaza hicho pia kuwa kinyume cha Katiba. Kipindi cha majaribio bado kipo: miezi sita, na kinaweza kuongezwa kwa makubaliano kisizidi mwaka mmoja kwa jumla, na notisi yake ni siku 7. Lakini kumwambia mtu “hukufaulu majaribio” bila kumwonyesha alipokosea ni kujitafutia kesi. Dawa yake ni mazungumzo ya kila mwezi yaliyoandikwa, hata nusu ukurasa: alipewa kazi gani, ameifanya vipi, anatakiwa arekebishe nini na lini.

Faili

Mali bila daftari hupotea bila habari, na faili ya mfanyakazi ndiyo daftari lenyewe. Ajira ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na kuuandaa ni jukumu la mwajiri. Asipokuwa nao kortini, mzigo unageuka: mfanyakazi akisema walikubaliana 45,000, ni mwajiri anayetakiwa kuonyesha kwamba haikuwa hivyo. Asiyejua kuandika hutia dole gumba mbele ya shahidi asiyekuwa mwajiri wake. Kumbukumbu zihifadhiwe miaka mitano baada ya ajira kuisha, na hilo lina maana yake kwa vitendo, kwa kuwa mfanyakazi ana miaka mitatu ya kushtaki. Meneja aliyeijua kesi atakuwa amehama, na kitakachobaki ni karatasi.

Mkataba mzuri si mrefu. Unataja kazi, mahali, saa, mshahara, tarehe ya malipo, likizo, notisi. Na utaje nyumba. Kifungu cha 31 kinamtaka mwajiri atoe makazi au alipe marupurupu ya nyumba juu ya mshahara, isipokuwa mkataba umesema mshahara wenyewe umejumuisha fedha hizo. Maneno hayo machache yakikosekana, mfanyakazi aliyekaa miaka mitano anaweza kudai marupurupu ya miezi kadha wa kadha nyuma. Kampuni zenye watu 50 na kuendelea zinatakiwa pia kueleza kanuni za nidhamu kwa maandishi, na zenye watu 20 na kuendelea ziwe na sera ya kuzuia unyanyasaji wa kingono. Kuinakili sera ya kampuni nyingine na kuacha jina la kampuni hiyo ndani yake, kama inavyotokea, ni aibu isiyohitaji maelezo.

Kibarua wa miaka minne

Hakuna mahali sheria na mazoea vimeachana kama kwenye vibarua. Kwa sheria, kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Kwa mazoea, kibarua ni mwanamke aliyefua shuka za hoteli Diani misimu minne mfululizo, au fundi aliyejenga ghorofa za kontrakta yuleyule tangu msingi wa la kwanza.

Kifungu cha 37 kinamtambua huyo wa pili kwa alivyo. Akifanya kazi siku mfululizo zinazofika mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haitarajiwi kwisha ndani ya miezi mitatu, mkataba wake hugeuka na kuwa wa mwezi kwa mwezi. Anaanza kustahili notisi ya siku 28, na mahakama inaweza kumpa haki nyingine kana kwamba aliajiriwa hivyo tangu mwanzo. Baadhi ya wasimamizi hudhani wamepata ujanja: kila Jumapili wanawapumzisha watu wote, au wanawapa mapumziko wakati wa sikukuu, ili siku zisifuatane. Sheria ilikwisha kuwaona; siku ya mapumziko na sikukuu ya umma huhesabiwa ndani ya mfululizo.

Anayehitaji watu wa msimu kweli ana njia halali, nayo ni mkataba wa muda maalum wenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, unaotaja msimu au mradi. Ukiisha, umeisha. Hatari yake ni meneja anayetembea sakafuni akiwaambia watu “msijali, tutawaongeza,” maana ahadi kama hizo ndizo mawakili hujengea hoja.

Mshahara na makato

Hapa kuna mengi, ila mwajiri mwenye mhasibu makini atayamaliza mapema. Kila mwezi mfanyakazi apewe hati inayoonyesha mshahara ghafi, kila kato na sababu yake. Kodi, NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii, na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, ambao mwajiri naye huongeza asilimia 1.5 kutoka mfukoni mwake. Makato yote kwa jumla hayaruhusiwi kupita theluthi mbili za mshahara. Theluthi moja lazima imfikie mwenyewe, hata kama amekopa kwenye sako tatu.

Agizo la mishahara lililoanza tarehe 1 Novemba 2024 lilipandisha kima cha chini kwa asilimia 6. Kwa mfanyakazi wa jumla katika miji mikubwa kama Nairobi na Mombasa, kikafika shilingi 16,113.75 kwa mwezi bila marupurupu ya nyumba. Kiwango hicho kinamhusu pia anayepika na kulea watoto nyumbani kwa watu, jambo ambalo maafisa wa rasilimali watu wenyewe, wakirudi nyumbani jioni, hawapendi sana kukumbushwa.

Kumkata mhudumu wa mkahawa kwa sababu mteja alitoroka bila kulipa ni tabia iliyoenea na ngumu kutetewa. Kifungu cha 19 kinaruhusu kumkata mtu kwa upungufu wa fedha uliotokana na uzembe au udanganyifu wake, naye awe ameajiriwa hasa kupokea na kutunza fedha. Keshia, ndiyo. Mbeba sahani, hapana.

Likizo zinajulikana: siku 21 za kazi kwa mwaka, miezi mitatu ya uzazi kwa mama kwa mshahara kamili, wiki mbili kwa baba, ya ugonjwa angalau siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu, baada ya miezi miwili kazini. Linalosahauliwa ni kwamba mama akirudi ana haki ya kukuta kazi yake, au nyingine inayomfaa isiyo na masharti duni. Ujauzito hauwezi kuwa sababu ya kumwachisha mtu, wala kwenda likizo. Na ubaguzi haufungwi na ile miezi 12: mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki kiliamriwa kulipa karibu shilingi milioni 7 katika kesi ya mfanyakazi aliyebaguliwa kwa kuwa na virusi vya Ukimwi na kwa ujauzito.

Biashara ikiyumba

Kupunguza watu kwa sababu kazi imepungua ni uwanja mwingine, wenye kanuni zake kwenye kifungu cha 40, na hapa mfanyakazi hana kosa lolote. Kwa hiyo mahakama humkagua mwajiri kwa jicho kali zaidi. Notisi ya angalau mwezi mmoja huenda kwa chama cha wafanyakazi na kwa afisa wa leba, ikieleza sababu na ukubwa wa upunguzaji. Asiye mwanachama huandikiwa yeye binafsi. Wa kuondoka huchaguliwa kwa kutazama ukongwe kazini, ujuzi, uwezo na uaminifu. Hulipwa likizo iliyobaki kwa fedha taslimu, notisi ya mwezi, na si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Mwenye 40,000 na miaka minane, kwa hesabu ya mwezi wa siku 30, anapata 160,000 kwa fungu hilo la mwisho peke yake.

Mwaka 2012 Kenya Airways iliwaondoa wafanyakazi 447. Kesi ilipofika Mahakama ya Rufaa, uamuzi wa 2014 ulikubali kwamba shirika lilikuwa na shida ya kweli ya kifedha, na amri ya kuwarudisha kazini ikaondolewa. Lakini namna zoezi lilivyofanywa ilikosolewa na walioondolewa wakapewa fidia. Waajiri wengi waliokariri sehemu ya kwanza ya uamuzi huo hawaikumbuki ya pili. Vigezo vya kuchagua viandikwe kwanza, majina yafuate. Orodha ikianza kwa majina, vigezo vitakavyobuniwa baadaye kuyafuata majina hayo havitaficha chochote kwa wakili aliyezoea kazi yake.

Kuajiri kupitia kampuni nyingine nako hakuwi tena kichaka cha kujifichia. Mwaka 2023 wachujaji wa maudhui 184, waliokuwa wakisafisha kurasa za Facebook wakiwa Nairobi chini ya kampuni ya Sama, walikwenda kortini baada ya kuondolewa kazini, wakaishtaki Sama na Meta yenyewe. Meta ilijitetea kwamba haiko Kenya. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ilikataa hoja hiyo na kusema inaweza kushtakiwa hapa. Hoteli inayoletewa walinzi na wafagiaji na wakala si Meta, lakini mwenye hoteli angefanya vyema kuomba aone hati za mishahara na stakabadhi za NSSF za watu wale kabla ya kumlipa wakala mwezi ujao.

Kuagana

Kuna bosi asiyefuta mtu. Humhamishia mezani pasipo kazi, humpunguzia mshahara, humwondolea gari, kisha husubiri barua ya kujiuzulu. Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Coca-Cola East and Central Africa ya 2015, ilieleza kwamba kujiuzulu kwa aina hiyo huweza kuhesabiwa kuwa ni kufutwa, ikiwa mwajiri amevunja nguzo za mkataba. Kumbe ukali wa kimya nao una bei.

Makubaliano ya hiari ni salama zaidi, yakiwa ya hiari kweli. Mwaka 2013, katika kesi ya Thomas De La Rue, Mahakama ya Rufaa ilisema hati ya “nimelipwa, sidai tena” haimfungi mtu moja kwa moja. Kila moja hupimwa kwa mazingira yake. Mwaka 2018, katika kesi ya Coastal Bottlers ya Mombasa, mahakama hiyohiyo ilimkatalia mfanyakazi aliyesaini makubaliano kwa hiari, akapokea fedha, kisha akarudi kudai zaidi. Hukumu hizo mbili hazigombani. Aliyepewa muda wa kusoma, aliyelipwa kitu cha ziada juu ya haki zake, na aliyeelewa alichosaini, amefungwa. Aliyeambiwa asaini ndipo apewe mshahara wake mwenyewe hakufungwa na kitu. Na yule aliyefukuzwa kwa kosa kubwa kupita yote bado anastahili fedha zote alizokwisha zifanyia kazi mpaka siku ile.

Ugomvi ukifika kortini, wenye mshahara ghafi usiozidi shilingi 80,000 kwa mwezi wanaweza kusikilizwa na mahakimu, karibu na walipo, bila safari ya mahakama kubwa. Kabla ya hapo kuna afisa wa leba wa kaunti. Waajiri humwogopa bure. Barua yake ya kuwaita kikaoni ikijibiwa mapema na kwa adabu, mashauri mengi huishia mezani pake kwa chai na kikokotoo; ikipuuzwa, huwa kielelezo cha kwanza cha upande wa pili.

Na kuna karatasi moja ya mwisho, ambayo dereva wetu wa Changamwe angedai hata kama dizeli aliiba yeye. Ni cheti cha utumishi cha kifungu cha 51. Kila aliyefanya kazi wiki nne au zaidi anastahili kupewa: jina na anwani ya mwajiri, jina la mfanyakazi, siku aliyoanza, kazi aliyofanya na mahali alipoifanyia, siku aliyoacha. Mwajiri halazimiki kuandika kwamba alikuwa mwaminifu, wala halazimiki kumsifu. Akikataa kumpa makusudi, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Kinachapwa kwa dakika tano, na kinaweza kuandikwa kwa Kiswahili.